Maisha ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe



Katika toleo hili nimeona vema niwaelezee habari za maisha ya mtu mmoja wa nchi hizi za Ziwa, marehemu Aniceti Kitereza, aliyezaliwa katika kisiwa cha Ukerewe mwaka 1896 na kufariki dunia mwaka 1981. Mtu huyu hakuwa mtawala wala jemadari wa vita, wala hakuacha mali. Alichotuachia ni kitabu. Lakini kabla sijaanza habari zake, nitasema kwanza jinsi nilivyopata kumjua, kwa maana nilimjua siku ya aibu.

Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Tatu, mwalimu wetu wa Historia aliingia darasani akauliza ni nani aliyeitisha Mkutano wa Berlin. Mikono yote ilinyoshwa juu. Tulijibu kuwa ni Bismarck, na kwamba mkutano ulianza mwaka 1884 ukamalizika mwaka 1885. Mwalimu akatusifu. Kisha akauliza swali la pili: kila mmoja wetu aseme, mahali alipozaliwa yeye, ni nani aliyetawala kabla ya Wajerumani kufika, na watu wa hapo walijipatia riziki kwa kazi gani. Mikono yote ikashuka. Sisi tuliomo darasani tumetoka Kahama, Kishapu, Geita, Bukombe na hapa hapa Shinyanga, lakini hakuna aliyekuwa na jibu. Mwenzetu mmoja alijaribu kusema kuwa kwao watu walichimba dhahabu tangu zamani, mwalimu akamwuliza zamani ipi, naye akanyamaza.

Mwalimu hakutukemea. Yeye ni mzaliwa wa Ukerewe. Siku ya pili alikuja na kitabu kinene, jalada lake limeshikizwa kwa gundi na karatasi ya kaki, akatueleza habari za mtu aliyekiandika. Baadaye alituazima kitabu hicho, nasi tukakisoma kwa zamu usiku baada ya masomo ya jioni. Mimi nilikikaa nacho majuma matatu. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwake mwalimu na katika kusoma kwangu mwenyewe.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Viktoria. Mji wake mkuu ni Nansio, na mtu hufika huko kwa meli kutoka Mwanza au kwa kivuko kutoka Kisorya upande wa Bunda. Zamani kisiwa kilikuwa na watawala wake, nao waliitwa Omukama. Mmoja wao alikuwa Machunda. Baada yake alitawala mwanawe Rukonge, ambaye Stanley alimkuta mwaka 1875 alipokwenda kuomba mitumbwi. Mwaka 1895 Wajerumani walimwondoa Rukonge katika utawala. Mwaka mmoja tu baadaye ndipo alipozaliwa Kitereza. Baba yake, Malindima, alikuwa mtoto wa Machunda. Basi Kitereza alikuwa mjukuu wa mfalme, lakini alizaliwa wakati ambapo ufalme wenyewe ulikuwa umekwisha kuvunjwa nguvu.

Baba yake alifariki Kitereza akiwa bado mtoto mdogo. Akalelewa karibu na nyumba ya mtawala, mahali ambapo wazee walikutana, mashauri yalisikilizwa na habari za kale zilisimuliwa. Nafikiri huko ndiko masikio yake yalikozoea kusikiliza. Kisha akapelekwa kusoma kwa Mapadre Weupe katika misheni ya Kagunguli, kisiwani humo humo, na huko akabatizwa kwa jina la Aniceti.

Alipoonekana kuwa na akili nyingi alipelekwa seminari ya Rubya, katika nchi ya Wahaya, magharibi ya ziwa. Sisi tunaolala mabwenini tunajua maana ya kuondoka kwenu na sanduku moja. Lakini sisi tukifika hapa twakuta Kiswahili chetu kile kile. Yeye alitoka kwao akisema Kikerewe, akakuta huko Kilatini, Kigiriki, Kijerumani na Kiswahili, naye akajifunza vyote. Ingetazamiwa kwamba mtu aliyejifunza lugha nyingi za wengine angeidharau ile ya nyumbani. Kwa Kitereza haikuwa hivyo. Kadiri alivyojifunza lugha nyingine ndivyo alivyoona kuwa Kikerewe nacho kina utaratibu wake na utajiri wake, na kwamba hakuna aliyekuwa akikiandika ipasavyo.

Hakupata kuwa padre. Aliacha seminari, akaoa mke aitwaye Anna Katura, akaenda Mwanza kufanya kazi kwa mfanyabiashara wa Kiitaliano. Baada ya miaka kadhaa alirudi Ukerewe akafanya kazi misheni, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kutafsiri. Yeye na Anna hawakubahatika kuwa na mtoto wa kuwarithi. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa sababu litamsaidia kukielewa kitabu.

Katika miaka ile Kitereza aliona mambo mawili yakienda pamoja. Wazee waliojua desturi za kisiwa walikuwa wakifa mmoja mmoja, na vijana waliosoma walikuwa wakijua habari za Ulaya kuliko habari za babu zao. Nilipofika hapa katika maelezo ya mwalimu nilitazama chini, kwa kuwa niliona kama tunasemwa sisi. Basi Kitereza, huku akitiwa moyo na Padre Almas Simard, Mkanada, aliyekuwa rafiki yake, alianza kuandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa juu ya maisha ya Wakerewe kabla ya wageni kufika. Alikimaliza mwaka 1945, naye ana umri wa miaka 49.

Jambo lililonishangaza mimi ni hili. Mtu huyu ni mjukuu wa mfalme. Angeweza kuandika juu ya wafalme tu, vita vyao na ngoma zao, na watu wangemsifu. Lakini yeye alichagua kuandika juu ya mume na mke wa kawaida: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Watu hawa wanapendana lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke, mpaka wazazi wake wanamchukua na kumrudisha kwao. Myombekere hataki kuoa mwingine. Anawafuata wakwe zake, anawasihi, nao wanamtoza mitungi sita ya pombe ya ndizi ndipo wamrudishie mke wake. Hapo mwandishi hasemi tu kuwa pombe ilipikwa ikapelekwa. Anaeleza ndizi zinavyokatwa, zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, nani anashika nini, nani anasaidia, na mitungi inavyobebwa njiani. Msomaji akifunga kitabu anaweza karibu kuipika mwenyewe, ingawa shuleni jambo hilo haliruhusiwi!

Baadaye wanamwendea mganga, na kwa dawa zake na kwa subira yao wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha wa kike, Bulihwali. Majina haya ni ya huzuni. La kwanza maana yake ni kwamba siku zote ninacho kifo, na la pili ni kuuliza huzuni itakwisha lini. Watu waliopoteza watoto ndio waliowapa watoto wao majina ya namna hiyo. Ndani ya hadithi hiyo mna kila kitu: kulima, kuvua samaki, kuwinda kiboko, kutunza ng'ombe, kusalimiana, kuposa, kuzaa, kuugua na kuzika. Mwalimu alituambia kuwa kwake yeye kitabu hiki ni cha historia kama vile ni cha hadithi, nami nakubaliana naye. Historia ya wafalme hutueleza nani alitawala. Kitabu cha Kitereza hutueleza waliotawaliwa walikula nini, walicheka nini na waliogopa nini.

Sasa yaja mateso ya kitabu chenyewe. Padre Simard alikitafsiri kwa Kifaransa ili kimpatie mchapaji, lakini mchapaji hakupatikana. Kwa Kikerewe pia hakuna aliyetaka kukipiga chapa, kwa sababu wasomaji wa Kikerewe ni wachache na karatasi ni ghali. Miaka ikapita. Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961, ikaungana na Zanzibar mwaka 1964, na maandiko ya Kitereza yalikuwa bado yamekaa. Mtu mwingine angeyatupa.

Mwaka 1968 walifika Ukerewe mtu na mkewe kutoka Marekani, Gerald na Charlotte Hartwig, waliokuja kuchunguza historia ya kisiwa. Wakamkuta Kitereza, naye akawa mwalimu wao katika mambo ya kale. Bwana Hartwig alikuja kuandika kitabu juu ya Wakerewe na biashara ya safari ndefu katika karne ya kumi na tisa, kilichotoka mwaka 1976. Hao walipoyaona maandiko yake walitambua thamani yake, wakamshauri ayatie katika Kiswahili ili yapate kusomwa na nchi nzima. Wakati huo Kitereza alikuwa na miaka zaidi ya 70, na maumivu ya viungo yalimsumbua sana. Hata hivyo akaketi akaanza upya, ukurasa kwa ukurasa, akaigeuza kazi yote kwa mkono wake mwenyewe. Mimi hulalamika nikipewa insha ya kurasa tatu. Tangu niliposoma habari hii nimepunguza kulalamika, ingawa sijaacha kabisa.

Kitabu kilikubaliwa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, kikachapishwa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kilipigwa chapa katika nchi ya China, kwa hiyo nakala zilipaswa kusafiri kwa bahari. Mwezi wa Aprili mwaka 1981, kabla nakala hizo hazijamfikia, Aniceti Kitereza akafariki. Alingoja miaka 35 tangu alipomaliza kuandika, wala hakukishika kitabu chake mkononi.

Mwalimu alipofika hapo darasa lilikuwa kimya. Msichana mmoja alisema kuwa basi alifanya kazi ya bure. Mwalimu hakumjibu, alikinyanyua tu kile kitabu chenye jalada la kaki. Baadaye Profesa Wilhelm Möhlig alikitafsiri kwa Kijerumani, kikatoka katika sehemu mbili mwaka 1991 na 1993; na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza, kazi ya mwandishi Gabriel Ruhumbika, naye pia mzaliwa wa Ukerewe. Wale waliouvunja nguvu ufalme wa babu zake, wajukuu wao leo wanasoma kwa lugha yao jinsi Wakerewe walivyoishi.

Ningeweza kuishia hapa, lakini ningekuwa sijasema kwa nini nimeandika.

Mimi kwetu ni Geita. Baba yangu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Tangu utoto nimejua duara, karasha na mwalo, na kila mgeni akisikia ninatoka Geita huniuliza habari za dhahabu. Hata sisi wenyewe hudhani kuwa nchi yetu ilianza siku dhahabu ilipoonekana. Mgodi mkubwa wa Geita wa wakati wa Waingereza ulianza katika miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966, na huu mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Je, kabla ya hapo hapakuwa na watu?

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani na daftari jipya. Babu yangu mzaa baba ni Mzinza, na umri wake umekwisha kupita miaka 80. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwuliza lile swali la mwalimu. Alinitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nayakumbuka mawe meusi yaliyokuwa nyuma ya nyumba yake, mazito, yenye matundu kama mkate. Nikajibu nayakumbuka sana, kwa kuwa miaka mitatu kabla ya hapo, mvua zilipoharibu njia, mimi na wadogo zangu tuliyabeba kwa ndoo tukayafukia katika tope mlangoni kwetu. Mengine tukawapa majirani nao wajazie mashimo yao.

Babu akanieleza kuwa yale hayakuwa mawe. Yalikuwa mavi ya chuma, yaani masalio yanayobaki chuma kikishayeyushwa. Baba yake mzazi alikuwa miongoni mwa Warongo, wahunzi wa Uzinza, waliochimba mawe ya chuma, wakayachoma kwa makaa katika tanuri za udongo huku wakivukuta mivukuto, wakafua majembe. Majembe ya Uzinza yalisifika. Yalitolewa mahari, yalibadilishwa kwa mifugo na chakula, na yalifika mpaka Unyamwezi. Kumbe watu wa kwetu walijua kutoa madini katika ardhi na kuyayeyusha muda mrefu kabla ya karasha la kwanza kunguruma! Na alama ya kazi hiyo tuliyokuwa nayo, niliifukia mimi mwenyewe katika tope.

Mwanzoni babu alisita kunieleza habari za tanuri, kwa sababu zamani wanawake hawakuruhusiwa kulikaribia wakati wa kazi, na wahunzi wenyewe walitengana na wake zao mpaka chuma kitoke. Mimi ni msichana. Lakini baada ya kufikiri alicheka, akasema kuwa moto wa tanuri ulikwisha kuzimika siku nyingi, na kwamba wajukuu wake wa kiume hawajaja na daftari. Basi akanieleza jioni baada ya jioni. Maneno mengi aliyataja kwa Kizinza, nami sikuyajua. Nikamwomba ayarudie polepole nikayaandika kama nilivyoyasikia. Nikagundua kuwa Kizinza na Kikerewe ni lugha za ukoo mmoja, maana maneno machache niliyokuwa nimeyaona katika kitabu cha Kitereza nilipoyatamka babu aliyatambua.

Nilipata kurasa 14. Si nyingi. Mahali pengine babu alisahau. Nilipomwuliza ni miti gani iliyotoa makaa yaliyofaa, alitaja mmoja, wa pili ukampotea. Alisema aliyeujua ni kaka yake. Kaka yake huyo alifariki nilipokuwa Kidato cha Pili, naye alikuwa jirani yetu, na kila siku nilipita mlangoni kwake kwenda kuteka maji. Katika daftari langu nimeacha mstari mtupu mahali pa jina la mti ule.

Baba hakufurahishwa sana na kazi hii. Yeye huona kuwa maswali ya tanuri hayatatoka katika mtihani wa Taifa, na kwamba ada na nauli hazilipwi kwa mavi ya chuma. Simlaumu, maana anafanya kazi ngumu ili mimi nisome. Huenda mtihani hautaniuliza kweli. Lakini usiku mmoja nilipokuwa nikisoma kwa sauti yale niliyoandika, baba alikuwa ameketi nje, na nilipokosea namna mivukuto ilivyofungwa alinisahihisha kutoka huko huko gizani. Kumbe naye alikuwa akiyajua. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Ndugu wanafunzi wenzangu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wa nchi za dhahabu na almasi tunaijua vizuri mali ya ardhini, maana hiyo ina daftari lake, hupimwa kwa mizani na kuandikwa. Mali iliyomo katika vichwa vya babu na bibi zetu hakuna anayeipima. Kitereza aliipima kwa kalamu, peke yake, katika kisiwa, kwa lugha ambayo wachapaji hawakuitaka, naye hakuishi kuona faida yake. Sisi tuna kalamu, tuna Kiswahili kinachosomwa na nchi nzima, na likizo yatukaribia. Hatuna udhuru alioweza kuwa nao yeye.

Kwa hiyo natoa shauri moja dogo. Likizo hii kila mmoja wetu aende nyumbani na daftari la kurasa 48 tu. Asiulize habari za wafalme peke yao. Aulize pombe ilipikwaje, jembe lilitoka wapi, mtoto alipewaje jina, kilima kile kiliitwaje kabla hakijachimbwa. Tukirudi tuyaweke madaftari hayo katika maktaba ya shule, katika kabati moja, ili Kidato cha Kwanza wanaokuja wakiulizwa lile swali la pili wawe na mahali pa kutazama. Mwalimu wetu amekubali kulitafuta kabati. Daftari langu limekwisha kuwa tayari, pamoja na ule mstari mtupu. Na kama yuko msomaji wa gazeti hili ambaye mzee wa kwao ni Mrongo, namsihi amwulize juu ya mti wa pili wa makaa, aniletee jina lake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne